Pini Moja Kikombeni

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Aliye jikoni apunguze moto, asogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka mama mmoja ambaye siku tuliyojuana alinifukuza. Naam, alinifukuza. Nilikwenda karakanani kwake kumhoji, nikaweka kikombe changu cha chai juu ya meza yake. Akakitazama, akanitazama, akaniambia kwamba meza ile ina kikombe kimoja tu, nacho si cha chai. Nikanywea nje, nimesimama.

Tulimwita Mama Pini. Ameaga dunia akiwa na miaka sitini na saba. Thelathini na minane kati ya hiyo alifanya kazi ndani ya mabawa ya ndege. Sijakosea kusema, ni ndani.

Ndege zenyewe ni glaida. Glaida ni ndege isiyo na injini. Huvutwa juu kwa kamba, kamba ikaachiwa, akabaki rubani na upepo. Rubani akisogeza mpini wake, vyuma vyembamba vilivyopita ndani ya bawa husukumana, kimoja kwa kingine, mpaka kibao kilicho nyuma ya bawa kiinuke au kishuke. Ndivyo ndege inavyogeuka. Kiungio kimoja kikiachia, rubani amebaki na mpini unaocheza bure mkononi. Huko juu huwezi kuegesha pembeni ukaita fundi.

Na mabawa hayo hung'olewa ndege ikienda kulala, yakaunganishwa tena asubuhi. Kila kiungio hufungwa kwa pini ndogo, fupi kuliko kidole chako cha mwisho. Mama Pini alikuwa akitumbukiza mkono kwenye kidirisha cha bawa mpaka begani, shavu limelala juu ya bawa, macho kayafumba. Alipapasa, alipaka grisi, alitoa beringi zilizolegea akatia mpya. Mkono wake wa kulia ulijaa makovu ya kingo za vidirisha vile. Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na kwake alijifunza kwamba breki huja kwanza, kengele baadaye.

Sheria yake ilikuwa moja. Pini ikitoka kwenye bawa, inaingia kwenye kikombe cha bati pale mezani. Ndege hairuki mpaka kikombe kiwe kitupu. Narudia, wapendwa, maana ndilo jambo la kushika leo: ndege hairuki mpaka kikombe kiwe kitupu.

Mumewe ni fundi cherehani. Mzee wa watu, mpole, mcheshi. Ameniambia kwamba hata nyumbani hakupona. Akishona kifungo cha shati la mteja, mkewe hukivuta kuona kama kimeshika. "Vingine aliving'oa kabisa," anasema. "Miaka arobaini nimeishi na mkaguzi. Sasa vifungo vyangu nani atavivuta?"

Sasa nisikilizeni. Miaka kumi na tano iliyopita palikuwa na mashindano. Binti yao, mtoto wao wa pekee, alikuwa rubani wa miaka ishirini na miwili. Amejifunga mikanda, kamba imeshaunganishwa, wageni wamejaa uwanjani. Mama Pini akarudi karakanani kuchukua kofia yake. Akaona kikombeni kuna pini moja.

Alikimbia, jamani. Mama mwenye mwili wake, na ovaroli lake, alikimbia mbele ya wageni wote akasimama mbele ya ndege, mikono kaitanua. Msimamizi wa uwanja akafoka. Binti akamsihi ampishe. Hakuwa na simile. Mabawa yote mawili yakafunguliwa, na kazi ile ikala saa moja na nusu.

Pini zote zilikuwa mahali pake. Ile ya kikombeni ilikuwa ya akiba, yeye mwenyewe ameitupia asubuhi, akasahau.

Watu walicheka. Upepo mzuri ulikuwa umeshapita, binti akashika mkia. Nyumbani wakawa wanapishana mlangoni kama wapangaji, salamu hakuna. Mama Pini akafungua daftari la karakana akaandika maneno matatu: "Kosa ni langu." Akatia sahihi. Wiki ilipokwisha, binti akamuuliza kama anajua amemwaibisha kiasi gani. Mama akajibu bila kuinua kichwa kwenye bawa: "Nikikosea hivi kila siku, mwanangu, utazeeka."

Binti aliyaweka maneno hayo. Baada ya miaka miwili aliacha mashindano, akavaa ovaroli, akaanza kutumbukiza mkono wake bawani pamoja na mama yake. Wakawa kidole na pete.

Mama Pini aliugua miezi miwili. Mazishi yalikuwa Jumamosi iliyopita. Marubani waliomba kumuaga kwa namna yao: mwenzao mmoja, baba wa watoto watatu, apitishe glaida juu ya makaburi wakati jeneza linashushwa. Binti akasema mabawa atayaunganisha mwenyewe, asiguse mtu. Nani angemkatalia?

Mimi nilikuwa makaburini. Tulikuwa tumeinua shingo. Simu ya mzee ikaita, ni binti, yuko uwanjani, rubani ameshaketi ndani ya glaida na kamba imeunganishwa. Mzee akamwambia watu wanangoja. Kisha akasikiliza, na sisi tuliosimama karibu tukamsikia akisema, "Kama kuna pini kikombeni, mwanangu, mshushe huyo baba wa watu."

Akamshusha. Akafungua kidirisha cha bawa la kushoto, akapapasa. Safari hii haikuwa pini ya akiba. Kiungio kilikuwa kimekaa sawasawa, kinapendeza kukiona, lakini hakina pini. Alikuwa akimfikiria mama yake tangu alfajiri, ameniambia hivyo mwenyewe, na alidhani amemaliza. Alitia pini ile, akafunga ndege, akakataza isiruke siku hiyo. Akaandika daftarini, kwa jina lake mwenyewe: "Kosa ni langu."

Basi tulimzika Mama Pini, na juu hapakupita kitu. Rubani alifika kwa gari, amechelewa, kofia mkononi, na binti nyuma yake ana grisi mpaka kwenye kiwiko. Rubani aliokota udongo, akautia kaburini, akasema, "Mama, nitazeeka." Mzee akamshika mkono, hakuuachia mpaka tulipoondoka. Mimi nililia, sioni aibu kuwaambia.

Kwa mzee wetu wa cherehani, kwa binti, na kwa wote wa karakana ile: poleni sana. Mungu awape subira, naye ampumzishe mama yetu pema.

Na wewe unayenisikiliza, kuna mtu leo ataegemea kazi ya mikono yako, na wala hatajua jina lako. Nimepita karakanani jana. Kikombe kiko palepale mezani, kitupu, na chai yangu nimenywea nje.