Komeo Lililoganda

Sogeeni karibu, nyote wawili. Wewe Savva, toka hapo mlangoni, mwanangu. Mimi sina ugonjwa wa kuambukiza, nakufa tu. Fekla, mjukuu wangu, niinulie mto, kisha kaa upande huu wa sikio linalosikia. Padre ameshanipaka mafuta, amekunywa chai, amekula pai yake ya samaki na ameondoka na mashua kabla upepo haujakaza. Ya Mungu yamekwisha. Haya ninayosema sasa ni yenu, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kubishana na mtu.

Nyumba hii ni yako, Savva, na mashua, na nyavu, na banda la kukaushia samaki. Usinishukuru. Sikupi kwa kuridhika nawe. Nakupa kwa sababu ndiye mwana pekee niliyebakiziwa.

Fekla, wewe nakuachia bunduki yangu. Usikunje uso, nimekuona. Jana ulipofika kutoka mjini Kodiak hata koti hukuvua, ukanirukia hapa kitandani: "Bibi, nimepata kazi! Nitaongoza wawindaji wa dubu kambini kwa mzee Nikifor, na ameniahidi bunduki ya heshima, yenye kitako cha mti wa mjozi, siyo kama hili dude lako la plastiki!" Ukacheka. Mimi nikageukia ukutani, ukadhani nimeshikwa na usingizi.

Sikuwa na usingizi. Maneno hayohayo, ya bunduki ya heshima, Nikifor alimwambia baba yako hapo jikoni, wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako.

Unamjua Nikifor kama mzee anayewapa watoto peremende kanisani. Mimi namjua kama shemeji yangu, mdogo wa marehemu babu yako, mtu aliyejenga kambi kule mwisho wa ghuba ili matajiri wa mbali waje wapige dubu na kupigwa picha. Baba yako, Tikhon, alikuwa kiongozi wake bora. Siku ile alikuja jikoni kuniaga akiwa amebeba bunduki yangu, hiihii, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kuwinda na alijua sikuichagua kwa urembo wake. Nikifor, aliyekuja kumchukua, akaitazama, akamtazama, akasema, "Tikhon, mwanangu, unataka wageni wangu wadhani tunawinda kwa mpini wa fagio? Iache hiyo kwa mama yako, ampigie paa wake." Akamkabidhi ile ya mjozi. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo ni ya kutundika ukutani. Hapa mvua inanyesha kutoka ubavuni." Akacheka, akanigonga begani. "Oleana, wewe kaa na samaki wako." Na Tikhon, kwa adabu yake, akaipokea. Hakutaka kumwaibisha mkubwa wake mbele ya watu.

Mvua ilinyesha juma zima. Kisha usiku mmoja mawingu yakaondoka na baridi ikashuka, kila kilicholowa kikaganda. Asubuhi mgeni akampiga dubu tumboni, upigaji wa ovyo, na dubu akaingia vichakani. Ni kazi ya kiongozi kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, huwezi kumwacha. Tikhon akaingia, na ndugu yake Savva nyuma yake. Savva akatoka peke yake.

Nisikilize vizuri hapa, mjukuu wangu, maana umekua ukiitwa binti wa mwoga. Nikifor aliwaambia polisi kwamba Tikhon alipiga risasi moja akakosa, kisha mikono ikamtetemeka, akasahau kukoki tena. Wageni wake walihitaji kusikia kwamba bunduki za kambi ni nzuri na aliyeharibu ni marehemu. Na walipomuuliza Savva, aliyekuwepo, Savva akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Maneno mawili tu. Juma lililofuata akapewa kazi ya ndugu yake.

Tulia, Savva. Kaa chini. Bado sijafika kwako.

Walipomleta Tikhon, walileta na bunduki, wakaiegemeza barazani kama mwavuli. Hakuna aliyeiangalia ila mimi. Komeo, kile chuma cha kusukumia risasi, lilikuwa limevutwa mpaka nyuma, likasukumwa, likakwama katikati, na risasi ya pili imelala njiani, pua yake imeelekea chemba, pale inapolipukia. Mtu aliyesahau kukoki haachi bunduki katika hali hiyo. Nikachota maji ya moto kwenye birika, nikayamwaga pale, barafu ikadondoka vipande kama meno, na komeo likateleza lenyewe. Nilipofungua kitako nikakuta ule mti mzuri wa mjozi umefura kwa maji mpaka unausukuma mtutu upande mmoja. Basi hata ile risasi ya kwanza baba yako hakuikosa, ilikoseshwa. Nilikwenda ufukweni nikaweka ubao nikapiga mwenyewe: kila risasi ilikwenda kushoto, upana wa kiganja na zaidi.

Nilimwambia Padre wa wakati ule. Nilimwambia polisi. Wote walinitazama kama unavyomtazama mama aliyefiwa, wakanipa kiti. Na siku ya tatu ya msiba, jeneza bado liko chumba kile, Nikifor alikuja na mshumaa mkononi, akamwombea marehemu, akafanya ishara ya msalaba, kisha akaniinamia sikioni. "Shemeji, ile bunduki ni mali ya kambi." Nilikwenda nayo mpaka gatini nikaitupa majini mbele yake. Hapo ndipo watu walipoanza kusema Oleana amerukwa na akili.

Kwa hiyo kazi nenda, Fekla. Sikukatazi, una miguu ya baba yako na macho yake, na kisiwa hiki hakina kazi nyingi. Lakini akikupa ile bunduki ya kung'aa, mwambie asante, ninayo. Nami nikueleze kwa nini ninayo, ili hata hii ikichakaa ujue kuchagua nyingine.

Kitako kiwe cha plastiki. Ni kibaya, ni baridi shavuni, kikigonga tawi kinalia kama ndoo, lakini hakinywi maji, na leo kitakuwa kama kilivyokuwa jana. Chuma kiwe cha pua, mtutu na komeo pia, na usidanganywe kwamba hakipati kutu, kinachelewa tu. Ukirudi, kifungue, kifute mpaka kule kusikoonekana. Kono la komeo liwe kubwa, ulishike na glovu iliyolowa, na komeo liwe na ule ukucha mrefu unaoikamata risasi tangu inapotoka ghalani, pale zinapopangwa risasi, mpaka inaingia chemba, ili hata ukiwa umeangukia mgongo iende. Mtutu uwe mfupi, maana vichakani mrefu unanasa. Darubini iwe na vifuniko, na chini yake viwepo vilengeo vya chuma, kwa sababu siku ya ukungu kioo ni kipofu. Risasi iwe nzito ya kumtosha dubu, lakini teke lake begani lisikufanye ufumbe macho. Wanaume wengi hapa wanabeba bunduki wanazoziogopa, na hawasemi.

Ukiwa dukani ipachike begani ukiwa umevaa koti lako zito la mvua, siyo na blauzi. Wauzaji watakucheka. Waache. Ukiinunua, ilaze nje kwenye mvua usiku kucha, asubuhi upige. Ikienda ulipoelekeza, ni yako. Majira ya baridi ioshe mafuta yote kwa petroli, ibaki kavu, kwa sababu mafuta mazito nayo yanaganda. Bandika kipande cha utepe kwenye mdomo wa mtutu, maji yasiingie. Risasi itaupasua, haitajali. Na usiiingize bunduki yenye baridi ndani kwenye joto la jiko, itatoka jasho, na lile jasho ndilo litakaloganda kesho. Iache barazani.

Nipe maji. Kidogo tu... basi.

Mazishi. Nizikeni kando ya Tikhon, siyo kule juu kwa ukoo wa mume wangu. Nikifor atakuja, mfungulieni, mpeni chai, yeye ni mzee na nje kuna baridi. Jeneza langu asilishike. Padre amenitaka nimsamehe, nami nilitamka, kwa sababu alikuwa amesimama juu yangu na msalaba. Ilikuwa sauti tu. Mungu alikuwepo akasikia tofauti yake na moyo. Siku ya arobaini pikeni nyama ya paa, wali, na samaki wa moshi, na asiwepo mtu wa kusema nilikuwa mpole.

Sasa Savva.

Sikuulizi kwa ajili yangu. Mimi niliona komeo. Lakini huyu hapa hakuona kitu, ana maneno yako mawili tu tangu azaliwe, na mwezi ujao anaingia kwenye vichaka vilevile. Mtazame. Usinitazame mimi, mimi ninaondoka, mtazame yeye. Mwambie ulichokiona.

...Sikusikii. Paza sauti.

...Ndiyo. Alipiga. Ndiyo, akavuta komeo. Akalisukuma kwa kiganja, halikwenda. Akalipiga kwa ngumi. Endelea, mwanangu.

...Alisema nini?

Rudia.

..."Kimbia, Savva." Alisema hivyo? Akasimama mbele yako na ile bunduki iliyokufa, akakwambia ukimbie?

Hilo... hilo sikulijua. Hilo maji ya birika hayakunionyesha.

Umekula chakula changu miaka yote hii, umekaa na hilo tumboni. Ningekuwa na mate ningekutemea. Fekla, usilie, au lia, sijui, lia. Umesikia baba yako alivyokuwa. Ubarikiwe, mjukuu wangu, uende na urudi, uende na urudi kila mara, na mkono wako usitetemeke, na kama utatetemeka isiwe aibu.

Savva, piga magoti. Karibu zaidi. Sisemi nimekusamehe... nguvu za kusema uongo sina. Lakini mama hawezi... leta kichwa.

Fekla. Chukua mkono wangu, uuweke juu ya kichwa chake. Mimi siwezi kuuinua.