Jogoo wa Mwaisha

Gari moshi la Wadachi lilipoiacha Ngerengere, mzee Hatibu, fundi wa kupunga pepo, alijifunika kofia usoni apate kusinzia. Mbele yake Mwaisha, mwanamke asiyemjua, alikuwa akijipepea kwa upindo wa kanga, jogoo mwekundu miguuni.

"Joto linanipanda kifuani mpaka utosini, hata asubuhi ya baridi," alimwambia jirani yake. "Wanasema ni pepo. Jogoo huyu nampelekea Hatibu wa Morogoro."

Jirani, Yuliana, mkunga wa milimani, alicheka. "Damu ya mwezi uliiona lini, mwenzangu?"

"Haijarudi tangu mavuno ya mwaka jana."

"Basi ni umri huo. Nami niliungua hivyo hivyo, kisha nikapoa. Jogoo wangu nilimla mwenyewe."

"Na kama ni pepo kweli?"

"Pepo gani huyo, anayetupenda sisi wa umri huu tu na kuwaacha wasichana?"

Chini ya kofia Hatibu hakucheka. Mkewe mwenyewe, wa umri huohuo, Hatibu alikwisha kumpunga mara mbili, na alimwacha nyumbani bado akijipepea.

Gari likasimama Morogoro. Mwaisha akamgeukia mzee aliyekuwa akiinua kofia. "Shikamoo, mzee. Unamjua Hatibu, fundi wa pepo?"

"Marahaba." Alimtazama jogoo, alikuwa mnono kweli. "Namjua. Ila leo kasafiri."

Hakusema uongo. Alikuwa bado hajateremka.