Tulivyomnyamazia Fundi Bartholomayo

Mgeni rasmi, Mama Luisa Mbunda, Mwenyekiti wa Bodi ya Nyumba ya Nafuu Ufukweni. Msimamizi wetu, Bwana Egidi. Wazazi na walezi mliotoka Mbinga, Litumbandyosi na vijiji vya huku ziwani. Majirani zetu wa Lundo: shikamooni nyote.

KARIBU, MAMA

Sisi vijana kumi na mmoja wa darasa la useremala tunakukaribisha. Tunajua barabara ya kushuka huku kutoka Mbinga ilivyo baada ya mvua, na tunajua ungeweza kumtuma mtu. Umekuja mwenyewe kututunuku vyeti. Viti mlivyokalia tumevitengeneza kwa mikono yetu, na meza ile yenye bahasha pia.

Kabla hujaifikia meza hiyo, tunakuomba utusikilize mpaka mwisho. Risala hii tumeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya shukrani tupu, Bwana Egidi akaisoma na kuipitisha. Hii hajaiona. Tunamwomba radhi kwa hilo, na kwa mengine yanayofuata.

TULIKOTOKA

Nyumba hii hupokea vijana walioshindwa na gongo, bangi na dawa nyingine. Zamani tulikuwa tunaamka, tunasali, tunakaa kwenye duara la ushauri, tunakula, tunalala. Waliotutangulia walimaliza miezi yao wakarudi nyumbani wazima, na kabla mavuno ya kahawa hayajaisha wengi walikuwa kilabuni tena, kwa sababu asubuhi ikifika hawakuwa na pa kwenda.

Mwaka juzi Bodi ikamleta Fundi Bartholomayo Challe wa Lituhi, seremala na muunda boti. Alikuwa anakuja Jumatatu na begi lake la patasi, analala chumba cha nyuma ya karakana, na Ijumaa jioni anarudi kwa mkewe, Mama Marselina.

Jioni ya kwanza alikaa nasi kwenye duara. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Akasema, "Mimi nilikuwa mlevi kama ninyi. Niliwahi kuuza nyavu za kaka yangu nikanywa. Sasa ni miaka kumi na minne sijaonja." Kanuni ya duara mnaijua: linalosemwa pale halitoki pale. Alituamini nalo siku ya kwanza kabisa.

TULICHOJALIWA

Tumetengeneza madawati arobaini ya shule ya msingi, vitanda vya nyumba hii, na milango ambayo majirani zetu wa Lundo wanaifungua kila siku. Lakini tukitaja faida ya darasa hili, tunaanza na mwenzetu Clemence Ndunguru, kwa sababu yeye ndiye aliyenufaika kuliko sote.

Clemence ni mtoto wa Mzee Raimundi, mkulima wa kahawa wa Litumbandyosi, aliyeketi pale safu ya pili. Alifika akiwa na miaka ishirini na mbili, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha uji kilikuwa kinamwagika. Fundi alimpa msasa, akamwambia, "Sugua ubao huu. Usiangalie mkono, angalia ubao." Alisugua wiki mbili. Stuli yake ya kwanza ilichechemea, na fundi akaikalia kila siku wakati wa chai, akisema inamfundisha kukaa kwa adabu. Tulicheka, na Clemence alicheka zaidi yetu.

Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anaunga mbao bila msumari. Fundi akamfanya kiranja wa karakana. Kila Ijumaa alimwachia ufunguo wa kabati la vanishi, gundi na spiriti. Jambo hilo walilijua wao wawili na sisi. Ofisi haikuambiwa. Clemence aliuvaa shingoni ndani ya shati, na Mzee Raimundi alipokuja kumwona, aliutoa akamwonyesha.

Mzee Raimundi, tunaomba utuvumilie.

YALIYOTUSHINDA

Hapa ndipo watu huandika uhaba wa vifaa. Kweli, randa tunazo mbili tu, na mbao za mninga hazipatikani kirahisi. Lakini shida yetu kubwa haikuwa randa. Ilikuwa sisi.

Mwezi wa saba tulikuwa na kazi ya viti vya parokia. Jumapili mchana, baada ya ibada, fundi akiwa kwao Lituhi, Clemence alifungua kabati. Siku hiyo ilikuwa imefika barua ya mchumba wake kwamba ameolewa. Hatuisemi ili mmwonee huruma. Tunaisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Alichukua spiriti ya kuchanganyia vanishi, sumu inayoweza kumpofusha mtu, akainywa kwa maji. Kilian akamkuta, naye akanywa. Wakafuata Hamphrey na Nicholaus. Sisi saba tuliobaki tulinusa pumzi zao wakati wa chakula tukaendelea kula. Clemence aliijaza chupa maji akairudisha mahali pake.

Jumatano fundi alichanganya vanishi kwa chupa ile, akapaka viti vya parokia. Alhamisi asubuhi vyote vilikuwa vimepiga ukungu mweupe, kama kioo kilichopumuliwa. Fundi alinusa chupa, akaifunika, akaenda mwenyewe kumwita Bwana Egidi.

Tulipangwa mstari pale uani.

"Ufunguo wa kabati anao nani?" Bwana Egidi aliuliza.

"Ufunguo ni wangu," fundi alijibu.

Ulikuwa wake. Hakusema kwamba Jumapili haukuwa kwake. Alimtazama Clemence, akaendelea kumtazama, bila hasira. Clemence akaangalia chini.

"Basi spiriti kanywa nani?"

Bwana Egidi akauliza mara ya pili, akasema kama hakuna anayejua, tutapimwa wote na darasa litafungwa. Ndipo Clemence akafungua mdomo.

"Fundi mwenyewe alituambia alikuwa mlevi," alisema. "Alituambia kwenye duara."

Hakuongeza neno. Hakusema fundi amekunywa. Alitoa lile ambalo mtu alitukabidhi tulihifadhi, akaliacha lifanye kazi yake. Nasi kumi tuliosimama naye, tulipoulizwa kama ni kweli fundi alisema hivyo, tulijibu, "Ndiyo."

Fundi hakujitetea. Alikwenda chumbani kwake akaanza kupanga patasi zake kwenye begi.

Mama Mgeni Rasmi, barua ya kumwondoa uliisaini wewe. Hatukulaumu. Uliletewa maneno yetu, na maneno yetu yalikuwa ya kweli yote, ila hayakuwa ukweli. Barua ikasomwa siku ya wazazi, hapa hapa, na wengi wenu mliokuja leo mliisikia. Habari ilifika Lituhi mapema, na Jumapili iliyofuata kanisa zima lilikuwa linajua.

Tangu hapo karakana imefungwa. Mtihani wetu wa mwisho tuliufanya kwa karatasi. Clemence alipewa alama za juu kuliko wote.

Wiki tatu zilizopita alituita sisi kumi tukiwa tunafua ziwani. Alisema, "Mimi siwezi kupokea kile cheti." Nicholaus akamwambia anyamaze, mambo yameshapita, fundi ana ujuzi wake na hatakosa kazi. Clemence akauliza, "Wewe ukimwona utamsalimia?" Nicholaus aliendelea kufua, kisha akaacha.

Clemence akaomba ruhusa ya kwenda Lituhi kumsalimia fundi, akapewa. Alikwenda na Kilian.

Walimkuta fundi kando ya maji, anaziba nyufa za boti ya mtu kwa pamba. Mama Marselina alikuwa karibu, anaanika dagaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Hamjambo? Mmekula?"

Clemence alisema alilokwenda kusema. Alilisema vibaya, akirudia rudia, na Kilian akalimalizia. Fundi hakuacha kazi yake.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Ufunguo nilikuachia wewe."

"Mbona hukusema, fundi?"

"Nilikuwa nakusubiri useme."

"Ulisubiri mpaka lini?"

"Mpaka stendi. Gari lilichelewa kuondoka, nikasema labda atakuja. Halafu likaondoka."

Clemence akapiga magoti kwenye mchanga. Fundi akamwambia ainuke, atalowa. Akaongeza kwamba ameshamsamehe, na kwamba boti hii inatakiwa ziwani kesho.

Mama Marselina ndiye aliyesogea. Alikuwa na ungo mkononi.

"Yeye amekusamehe, hiyo ni kazi yake," alisema. "Mimi niulize yangu. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, sasa anakaa benchi la nyuma. Mtu akija kumpa boti atengeneze, kwanza anasogeza pua kumnusa. Miaka kumi na minne, mwanangu. Mimi ndiye niliyeihesabu siku kwa siku. Mmekuja kunong'ona hapa kwetu. Mlipomsema, mlinong'ona?"

"Hapana, mama," Clemence alijibu.

"Mlimsemea wapi?"

"Mbele ya watu."

"Haya. Kwa hiyo unajua pa kwenda."

Ndiyo sababu, Mama Mgeni Rasmi, hatukuja ofisini kwako kwa faragha. Tulitamani sana. Ingekuwa rahisi kwetu na pengine ingekuwa heshima zaidi kwako. Lakini tumeonelea tuseme hapa, mbele ya watu wale wale, tukiona aibu inayotustahili.

TUNAYOOMBA

Tunaomba Bodi iandike barua ya pili inayosema kwamba Fundi Bartholomayo Challe hakunywa, hakuiba na hakukosea, isipokuwa kutuamini. Isomwe hapa, na kwa ruhusa ya padri wao isomwe Lituhi pia, ili yule anayesogeza pua ajue.

Tunaomba vyeti vibaki ndani ya bahasha. Mahali pa saini ya mwalimu amesaini mtu ambaye hajawahi kutuona tukishika randa. Kama fundi ataona tunastahili, atatusainia. Asipoona hivyo, tutaondoka na mikono aliyotufundisha, na hilo litatosha.

Tunaomba karakana ifunguliwe kwa ajili ya wanaokuja baada yetu. Spiriti ikae ofisini, itolewe mbele ya watu wawili, kijana mmoja asiachiwe peke yake mzigo huo, hata awe mzuri namna gani. Msiwanyime kazi kwa ajili ya kosa letu. Wiki iliyopita ameletwa kijana kutoka juu huko milimani. Anakaa kutwa nzima kwenye ngazi ya karakana, mlango umefungwa.

Kama adhabu ni kuondolewa, tunaomba tuondolewe sisi, na darasa libaki.

Hatuombi fundi alazimishwe kurudi. Clemence alimuuliza kabla ya kuondoka. Alijibu kwamba akimaliza boti hiyo ipo nyingine inasubiri.

BARAKA

Mwenyezi Mungu akupandishe salama Mbinga, Mama Luisa, na akupe moyo wa kutuhukumu kwa haki. Awape nguvu wazazi wetu, ambao wengi wao wanalisikia jambo hili leo kwa mara ya kwanza wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Na ampe Mama Marselina Jumapili moja ya kuingia kanisani bila kutazamwa.

Ni sisi wanafunzi wa useremala, Nyumba ya Nafuu Ufukweni, Lundo.

Waliokunywa: Clemence, Kilian, Hamphrey, Nicholaus.

Walionyamaza: sote kumi na mmoja.

Risala hii imesomwa kwa niaba yetu na Clemence Ndunguru. Alitaka kila palipo na jina lake aandike "mimi". Tulimkatalia, kwa sababu siku ile uani hakusimama peke yake. Naye ameisoma kama tulivyoiandika.