Mji wa Levuka Ulivyotubakizia Shule Mkunya

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kushika chaki, Mwalimu Cuthbert Namalowe, Baba Isabela, anastaafu leo, tarehe 11 Desemba 1959. Alianzia Masasi, akaletwa huku juu Mkunya kufundisha jiografia, asiondoke tena. Wanafunzi wake wanaijua Pasifiki kuliko njia ya Tandahimba, na kwa hilo tumemtania mpaka tumechoka.

Mji alioupenda ni Levuka, bandari ya kisiwa cha Ovalau, huko Fiji. Ndiyo yaliyokuwa makao makuu ya serikali, na wafanyabiashara walijaa. Lakini mlima uliubana mji ufukweni, pa kujipanua hapakuwapo, serikali ikahamia Suva. Levuka ikabaki na mbata zake, yaani nazi zilizokaushwa. Mwalimu akifika hapo husimulia kama mtu aliyefiwa.

Mwaka 1953 tuliambiwa shule itahamishiwa bondeni kwa sababu huku juu hakuna maji. Wiki hiyohiyo Baba Isabela akaifinyanga Levuka uwanjani kwa udongo: mlima, nyumba chini yake, na majivu yakawa bahari. Mama Fikirini, akipanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani, akaziona nyumba zile chini ya mlima. Akadhani ndiyo ramani ya kutuhamisha kijiji kizima. Alasiri uwanja ulijaa wazazi wenye majembe, na hawakuja kulima.

Mwenzetu hakutetereka. Aliwaamkia wazee shikamoo, akaanza somo. Aliwaeleza Levuka ilipo, na jinsi ilivyopoteza cheo kwa kukosa nafasi. Mama Fikirini akauliza sisi tunakosa nini. Akajibiwa kwamba ni maji tu. Basi, akasema mama huyo, majembe si haya hapa, lichimbwe tangi, mvua ya bati la shule iingie humo. Kazi ikaanza palepale, hata udongo wa Levuka ukakanyagwa na hakuna aliyejali.

Misheni ilitoa saruji. Mkaguzi alipokuja na amri ya kutuhamisha, alikuta tangi limejaa hadi ukingoni. Alikunywa, akatazama ndani, akanywa tena, kisha akaondoka na amri yake mfukoni. Shule ikabaki, na tulicheza ngoma siku mbili.

Ahsante sana, Mwalimu. Mungu akupe afya, wewe na Mama Isabela, na mikorosho yenu izae vizuri. Wageni wetu, chai mnayokunywa imechemshwa kwa maji ya tangi hilo. Leo hakuna mama aliyeshuka bondeni.