Risasi ya Nguchiro

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mfuga kuku alimwambia askari wa wanyamapori aliyestaafu kwamba nguchiro wanammalizia vifaranga.

"Kibali ninacho, bunduki ninayo. Risasi za kipimo cha ishirini na mbili, hazina kelele nyingi na bei yake haiumi."

"Ndogo, lakini haina adabu," mzee akasema. "Ikigonga jiwe inaruka, inakwenda inakotaka. Ile ya kumi na saba ni nyembamba zaidi, ina mbio, na mara nyingi ikigonga kitu kigumu inasagika palepale."

"Mzee wangu, hiyo ghali. Nguchiro mwenyewe hafikii bei hiyo!"

Sijui bunduki, ila namjua mtu anayetafuta wa kumkubalia.

"Nyuma ya banda kuna nini?" mzee akauliza.

Mfuga kuku akatazama dirishani. "Mama mkwe. Hukaa pale akichambua maharage."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. "Na mawe?"

"Yapo. Lakini mimi sikosi, mzee. Unanitisha tu."

Basi likasimama. Akashuka bado anabisha, simu sikioni: "Shikamoo, mama. Maharage ya leo chambulia barazani, upande wa mbele."