Aliniamsha Kabla Basi Halijaondoka

Amani ya Bwana ikae nanyi, ndugu zangu. Nimesimama mbele yenu nikiwa mzima, nina jina langu na akili zangu, na kwa hilo peke yake namrudishia Mungu utukufu.

Wengi mnanifahamu. Mimi ni Imakulata, mzaliwa wa Chiola, muuguzi hapa Ruangwa. Muda mwingi niko wodi ya wazazi, na kazi hiyo naipenda. Lakini mama yangu ni mjane, macho yake yanafifia, na wadogo zangu wote wananitazama mimi. Basi niliposikia kwamba ng'ambo wanatafuta wauguzi, moyo wangu ulitua hapo hapo na haukutaka kuondoka.

Aliyeleta habari hiyo alijiita Mshauri Festo. Alikodi ukumbi Nachingwea akatuonyesha picha ukutani: hospitali nyeupe, vitanda vinavyopanda na kushuka kwa kubonyeza kitufe, na nje theluji imelala juu ya mapaa kama unga. Alisema kampuni yake inashughulikia viza za kazi za kitaalamu. Yeye atatafuta mwajiri, yeye atafuatilia ubalozini.

"Ninyi kazi yenu ni kuota tu," alituambia. "Mengine niachieni mimi."

Ndugu zangu, niliota. Nilianza kuishi kule kabla sijaondoka huku. Mikorosho ilikuwa imechanua, na asubuhi nikienda zamu vile viua vidogo vilikuwa vimetapakaa njiani, nami naona kama nakanyaga theluji. Harufu yake tamu ilinilevya. Nikimpima mjamzito presha, macho yangu yanamwona mzee wa Kizungu kitandani ananiita kwa jina. Wenzangu walikuwa wakiniita mara mbili, mara tatu, ndipo naitika.

Nilimkabidhi Festo ada yake, pasipoti na vyeti vyangu halisi, kwa sababu alisema ubalozi haupokei nakala. Baada ya hapo kukawa kusubiri. Nikipiga simu ananiambia, "Dada, viza imeshatoka, imekwama tu kwenye mfumo." Mara mhusika yuko likizo. Mara si hospitali tena, ni nyumba ya kulea wazee. Nikiuliza nyumba hiyo inaitwaje, mtandao unakatika. Zikipita siku simu yake haipatikani, mimi natembea kama mtu aliye chini ya maji, nasikia watu wanaongea lakini kwa mbali.

Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni tu, aliniuliza kwa Kimwera: "Huyo anayekupeleka, watu wake wako wapi?" Nikambusu mkono nikaenda zamu.

Hatimaye tuliitwa Nachingwea na mizigo yetu. Nikaomba likizo bila malipo, nikaenda. Tulikutana kwenye gesti moja karibu na soko: wauguzi kadhaa, dereva wa mitambo, na fundi wa kuchomelea kutoka Naipingo aitwaye Hamisi. Basi letu lilikuwa la jioni. Hapo ndipo Festo alipotueleza safari yenyewe. Tungepita nchi jirani. Kutoka huko tungepanda ndege na kuingia ng'ambo kwa viza ya matembezi.

"Ukiulizwa uwanja wa ndege, unakwenda harusi ya dada yako," alisema. "Viza ya kazi itawakuta huko huko."

Akatufanya tulirudie neno hilo mmoja mmoja, kama watoto wa chekechea. Nami nililirudia. Kisha joto la mchana likanizidi, nikasinzia kwenye kiti.

Usingizini nikaiona ile hospitali nyeupe. Nilipita wodi baada ya wodi, vitanda vyote vimetandikwa, hakuna mgonjwa hata mmoja. Mwisho wa ukumbi alikaa mwanamke mezani, akaniuliza mimi ni nani. Nikafungua kinywa nijibu, na jina lililotoka halikuwa langu. Nikajaribu tena, likatoka jina jingine. Naye hakushangaa. Aliendelea kunitazama kwa upole.

Simu ikanigutusha. Alikuwa Bi Somoe, jirani yangu wa hapa Ruangwa, Mwislamu mcha Mungu.

"Imakulata mwanangu, Zuhura wangu kashikwa na uchungu. Uko zamu?"

"Niko, mama," nikajibu. "Mleteni, nakuja."

Ndipo nikaona begi langu na ukuta wa gesti. Nilimpigia mwenzangu wa zamu ampokee Zuhura. Sikusikia sauti kutoka mbinguni, nisiwadanganye. Nilijua tu kwamba nimeamka, na kwamba aliyeniamsha ni Bwana.

Nikamwendea Festo. "Mimi siendi," nikamwambia. "Naomba pasipoti na vyeti vyangu."

"Dada, usituharibie safari. Ukijitoa, vyeti vinabaki kwangu." Akasogea akasimama mlangoni, begi la karatasi zetu begani.

Sikuwa na kifungu cha sheria cha kumsomea. Nikaanza kuimba, polepole, wimbo wa mama zetu wa Chiola, na wauguzi wenzangu wakaupokea. Hamisi hakuujua wimbo huo. Alikuja akasimama ubavuni mwangu akasema, "Bismillahi. Na mimi naomba pasipoti yangu."

Tuliimba hadi akina mama wa sokoni wakasogea uani. Mwenye gesti akaja, mama mtu mzima, akauliza kuna nini.

"Tunaomba vitu vyetu, mama," Hamisi akamjibu. "Huyu anakataa."

Yule mama alimgeukia Festo. "Wape watu vitu vyao, mwanangu. Ama nimwite mtendaji wa kata."

Festo akafungua begi akavimwaga vyote kitandani. Nilichukua vyangu, nikavikumbatia, nikalia.

Tulikwenda polisi mchana huo huo kutoa taarifa, lakini askari waliporudi nasi gesti, Festo hakuwapo tena. Ada zetu hazikurudi. Na Devota, mmoja wa wale wauguzi wenzangu, alimrudishia Festo pasipoti kwa mkono wake mwenyewe, akafuatana naye. Simlaumu, ndoto ile ina usingizi mzito. Alizuiliwa uwanja wa ndege wa ugenini, akarudishwa. Yuko nyumbani salama, na amenipa ruhusa niseme haya.

Mimi nilifika Ruangwa Zuhura ameshajifungua, mama na mtoto wamelala.

Ndugu zangu, sijaacha kutamani kwenda. Kutamani kazi njema si dhambi. Sasa nimeuliza kwenye ofisi ya serikali inayohusika na ajira za nje, nimemwandikia mwajiri mwenyewe, tumezungumza, na nasubiri. Mlango ukifunguka nitapita nikitaja jina langu na kazi yangu. Usipofunguka, Mungu wangu ni yule yule.

Nawasihi mumtegemee yeye, kwa maana hakuna giza asilolijua. Na kama yuko hapa ambaye pasipoti yake iko mikononi mwa mtu asiyepokea simu, asione aibu. Tukitoka ibadani nitakuwa pale mlangoni. Njoo, tutakwenda kuidai pamoja.