Usukani Uliozunguka Wenyewe: Kumuaga Fundi Abner Nyamweya

Fundi Abner Nyamweya anastaafu leo, tarehe 29 Novemba 1957, baada ya kuitumikia karakana ya Mzee Jaffer hapa Kisii kwa miaka ishirini na minne. Alikuja mwaka 1933 kuosha magari. Anaondoka akiwa fundi mkuu. Mimi Dahir, mtunza stoo, nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nimejaribu.

Furaha ilikuwepo. Abner aliimba nyimbo za kanisani akiwa amelala chini ya gari, na aliponyamaza tulijua kazi imemkalia vibaya. Siku ya Ijumaa alifunga sanduku la spana kabla jua halijatua, hata dereva alie vipi, akaenda kuianza Sabato yake. Mzee Jaffer, ambaye siku hiyo hiyo huondoka adhuhuri kwenda msikitini, alisema karakana yake inasali zaidi kuliko inavyotengeneza magari.

Kisha yakaja masika ya 1951. Mkewe, Bonareri, alishikwa na uchungu wa kuzaa nyumbani kwao Magwagwa. Gari la wagonjwa la hospitali, lile la zamani la jeshi tunalolitengeneza hapa, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lilikwenda kumchukua. Njiani lilizama topeni kilimani: tumbo la gari lilikalia udongo, magurudumu yakazunguka bure. Bonareri alifia humo pamoja na mtoto. Dereva, Okemwa, ndiye aliyemletea Abner habari hapa karakana, viatu vyake vikiwa bado na tope.

Abner aliporudi kazini baada ya matanga alisema neno moja tu: "Hiyo gari inataka kuinuliwa." Aliongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyobeba gari, mbele na nyuma, akafunga magurudumu makubwa. Gari likasimama juu kama ngamia. Masika yaliyofuata halikukwama kabisa, na wanawake wengi wa Magwagwa walijifungulia hospitalini salama.

Lakini Okemwa alianza kulalamika. Usukani ulitetemeka, na gari lilitangatanga barabarani. Abner aliinua mbele kwa jeki, akatikisa kila gurudumu, akabadilisha viungo vilivyolegea. Mtetemeko ukapungua, kutangatanga kukabaki. Akagundua kwamba springi zilivyopandishwa zimeilaza ekseli, ule mhimili wa magurudumu ya mbele, akaingiza kabari za chuma kuirudisha katika mkao wake. Sasa gari lilinyooka kwenye barabara laini. Kwenye mashimo, bado lilimvuta dereva kando.

Ndipo alipotuita sote tupande kwenye bampa ya mbele turuke-ruke. Yeye alisimama mlangoni akitazama usukani. Hakuna aliyeushika, nao ulizunguka wenyewe, kushoto, kulia. Tuliacha kucheka. Akalala chini akatuonyesha: ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda gurudumuni, ambayo zamani ilikuwa imelala sawa, sasa ilishuka kwa mwinamo mkali kwa sababu gari limeinuliwa. Kila springi ilipobonyea, fimbo ilisukuma gurudumu. Dawa ilikuwa mkono wa usukani, kile chuma kinachoning'inia kikishika fimbo hiyo, ulio mrefu zaidi, ili fimbo ilale sawa tena. Tuliutafuta Kisumu, tukautafuta Nairobi, hatukuupata. Kuukunja ule wa zamani kwa moto alikataa, kwa kuwa ungeweza kukatika njiani.

"Okemwa, ndugu yangu, tuishushe," alisema.

"Tukiishusha, fundi, mvua ikinyesha nani atawatoa akina mama Magwagwa?"

Abner alizirudisha spana sandukuni. "Basi endesha pole pole," alisema. "Mashimo yapite kama umebeba mayai."

Mwezi wa Mei 1953, Okemwa akiteremka kuelekea Daraja Mbili na mgonjwa aitwaye Mong'ina, gurudumu liliingia shimoni na gari likamponyoka, likatumbukia korongoni. Mong'ina alivunjika mguu, akapona. Okemwa tulimzika kwao, Nyamache. Mjane wake hakumlaumu Abner. Nadhani angemlaumu, ingekuwa nafuu.

Gari lilipotengenezwa, Abner alilishusha kwa mikono yake mwenyewe. Masika yaliyofuata lilikwama kilima kile kile, na Bochaberi, mama wa watoto wadogo, akafia ndani. Abner alikwenda kwenye matanga hayo pia. Alikaa nyuma ya watu wote, kofia mikononi, na hakula. Tangu hapo alitengeneza injini, breki na taa, na gari lenye shida ya usukani lilipoingia getini, yeye alitoka nje.

Hajazeeka. Ameomba mwenyewe kuondoka. Mzee Jaffer alimsihi mbele yetu: "Abner, nani ataniangalizia usukani?"

"Yeyote, Mzee. Mradi si mimi."

Fundi Abner, asante kwa kila gari lililotoka hapa likiwa zima, na kwa kutufundisha kazi bila matusi. Ningependa kuandika kwamba barabara ya Magwagwa imetengenezwa, au kwamba ule mkono wa usukani umefika. Haijatengenezwa, haujafika, na mawingu yanajikusanya tena. Uliniambia juzi kwamba ukifumba macho unaona tope, ukifumbua unaona korongo. Wenzako wa karakana tunakuombea afya, shamba lenye rutuba na miaka mingi ya kulilima. Zaidi ya hayo yote, ndugu yetu, tunakuombea usingizi.